Wageni Wasiobisha Hodi: Namna ya Kuweka Bawabu Katika Intaneti ya Nyumbani



Usiku mmoja wa Ramadhani iliyopita, niliporudi kutoka msikitini, nilimkuta mwanangu mdogo mwenye umri wa miaka 7 amekaa zuliani na tableti mapajani. Alikuwa akicheza mchezo wa kupanga herufi, mchezo wa bure ambao mimi mwenyewe ndiye niliyeuchagua na kumwekea. Kabla sijaketi, herufi zikatoweka, na badala yake yakatokea magurudumu yanayozunguka na sarafu za dhahabu zinazomiminika. Lilikuwa tangazo la kamari. Mtoto hakushtuka hata kidogo. Alingoja sekunde zake, akabonyeza alama ya kufunga, akarudi kwenye herufi zake kama mtu aliyezoea kufukuza nzi. Aliyeshtuka ni mimi, na kilichonishtua zaidi si tangazo lenyewe bali kule kuzoea kwake.

Katika nyumba za kwetu, iwe Unguja, Mombasa, Lamu au Barawa, mgeni hakuingia moja kwa moja hadi chumbani. Palikuwa na baraza nje, palikuwa na daka, na kabla ya yote palikuwa na hodi. Suratun-Nur, katika aya ya 27, inatufunza adabu hiyo ya kutaka idhini na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba isiyo yetu. Hapa London wengi wetu tunaishi katika fleti zenye kufuli mbili na tundu la kuchungulia mlangoni. Lakini kupitia kisanduku kidogo kinacholeta intaneti, wageni wasiohesabika huingia mchana na usiku bila ya hodi. Makala haya yanaeleza wageni hao ni nani na namna ya kuwawekea bawabu. Mwishoni nitaeleza pia kosa nililolitenda mwenyewe baada ya kumweka bawabu huyo, ili wenzangu wasilirudie.

DAFTARI LA MAJINA

Kompyuta hazijuani kwa majina bali kwa nambari. Sisi wanaadamu hatuwezi kuhifadhi nambari hizo, kwa hivyo tunatumia majina, na lazima pawepo daftari la kuoanisha jina na nambari yake. Katika miaka ya mwanzo ya mtandao huu, daftari hilo lilikuwa orodha moja tu, iliyotunzwa na kikundi cha Bi. Elizabeth Feinler katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford, California, na kila aliyeihitaji aliinakili. Orodha ilipokua ikawa haitunziki tena, mwaka 1983 Bw. Paul Mockapetris alibuni mfumo uitwao DNS, ambao umeligawa daftari hilo baina ya kompyuta nyingi ulimwenguni. Mfumo huo ndio unaotumika mpaka leo.

Uandikapo jina la gazeti katika simu yako, simu kwanza huuliza: jina hili nambari yake ni ipi? Swali hupita kwenye ruta ya nyumbani, na ruta aghalabu hulipeleka kwa kampuni unayoilipa kwa huduma ya intaneti. Jibu hurudi kabla hujapepesa jicho, ndipo ukurasa unapofunguka.

Lakini ukurasa mmoja wa gazeti hauulizi jina moja tu. Ndani yake mna maagizo yasiyoonekana: leta picha kutoka mahali fulani, leta tangazo kutoka pengine, mwarifu fulani kwamba msomaji amefika. Kila agizo ni swali jipya la jina. Msomaji aliyetaka kusoma habari moja, kumbe amekwisha kutambulishwa kwa makampuni kadhaa ambayo hajapata kuyasikia.

Hapo ndipo penye nafasi yetu. Kila mgeni, kabla ya kuingia, hana budi jina lake litajwe kwanza. Na mwenye kutajwa jina mlangoni aweza kuzuiwa mlangoni.

WAGENI HAO WANATAKA NINI?

Wageni ni wa namna mbili. Wa kwanza huleta matangazo ya biashara, nao huonekana. Wa pili hawaonekani: kazi yao ni kuandika nani amesoma nini, saa ngapi, akiwa wapi, kwa kifaa gani, kisha kuuza habari hizo. Mara nyingi wa pili ndiye anayemwelekeza wa kwanza. Mwaka juzi nilitafuta nauli ya ndege kwenda Dar es Salaam kwa ajili ya msiba. Kwa wiki mbili baada ya kurudi kutoka mazikoni, matangazo ya tiketi na ya mikopo ya haraka yalinifuata kila nilipofungua ukurasa. Kuna mtu mahali fulani aliyejua kwamba nahitaji fedha kwa haraka, wala sikumwambia mimi.

Pengine msomaji atasema: nauli za ndege si siri, wacha waandike. Basi na atazame jambo lililotokea Novemba 2020. Jarida la Motherboard la Marekani lilifichua kwamba Muslim Pro, programu ya nyakati za sala na uelekeo wa kibla ambayo wakati huo ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98, ilikuwa ikipeleka habari za mahali alipo mtumiaji kwa kampuni iitwayo X-Mode. Miongoni mwa wateja wa X-Mode walikuwamo makandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye Muslim Pro walitangaza mara moja kwamba wamekata uhusiano na kampuni hiyo, na mwezi uliofuata Apple na Google waliwaamuru watengenezaji wa programu waondoe vifuatilizi vya X-Mode. Hatimaye, Januari 2024, Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani iliipiga marufuku kampuni hiyo, ambayo ilikwisha badili jina na kuitwa Outlogic, isiuze habari za watu kufika mahali penye faragha, na nyumba za ibada zimo. Tafakari basi: mtu afungua simu ajue Alasiri imeingia au la, na kule kufungua kwake kukawa bidhaa.

Wala si simu peke yake. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo cha Imperial cha hapa London pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Northeastern cha Marekani walichunguza vifaa 81 vya nyumbani vinavyotumia intaneti: televisheni, kamera, spika za kuamrishwa kwa sauti na vinginevyo. Walikuta kwamba 72 kati ya hivyo viliwasiliana na angalau mahali pamoja pasipokuwa pa kampuni iliyovitengeneza. Mwaka 2024 uchunguzi mwingine, ambao chuo cha University College London, UCL, kilishiriki, ulionyesha kwamba baadhi ya televisheni za kisasa huchukua alama za picha zinazopita kiooni na kuzipeleka nje ili kutambua unatazama nini, hata pale televisheni inapotumika kama kioo tu cha kompyuta kwa njia ya waya. Jambo la kufurahisha ni kwamba wenye televisheni hizo walipoikatalia ruhusa katika mipangilio yake, mawasiliano hayo yalikoma. Kwa hivyo, kabla hujanunua chochote, chukua rimoti usiku huu, ingia katika mipangilio ya faragha, ukatae.

Hata kampuni inayoleta intaneti nyumbani imekaa mahali pa kuona mengi. Mwaka 2006 na 2007 kampuni ya BT ilifanya majaribio ya mfumo wa kampuni iitwayo Phorm, uliokuwa ukitazama kurasa wanazozitembelea maelfu ya wateja ili wachaguliwe matangazo, bila ya wateja hao kuambiwa. Habari zilipotoka mwaka 2008 pakawa na kelele kubwa. Aprili 2009 Kamisheni ya Ulaya ikaichukulia hatua Serikali ya Uingereza kwa kutowalinda raia, na Julai mwaka huo huo BT ikauweka kando mpango wenyewe.

KUMWEKA BAWABU

Dawa iliyo nyepesi ni kuwa na daftari la majina linalokataa kuwajibia wageni wabaya. Simu inapouliza nambari ya kampuni ya ufuatiliaji, daftari hujibu kwamba hapana mtu hapo. Tangazo haliji, kifuatilizi hakipati habari, na ukurasa wenyewe hufunguka upesi zaidi. Njia ziko tatu, kwa kadiri ya uwezo wa kila mtu.

Njia ya kwanza ni ya kifaa kimoja, na ni ya bure. Simu za Android tangu toleo la 9, la mwaka 2018, zina kipengele cha DNS ya faragha katika mipangilio ya mtandao. Ukiandika humo dns.adguard-dns.com, maswali yako yataelekezwa kwenye daftari la kampuni ya AdGuard, linalozuia matangazo na vifuatilizi. Ukiandika family.adguard-dns.com, litazuia pia picha za uchi. Uzuri wa njia hii ni kwamba inafanya kazi hata ukiwa ndani ya basi au treni.

Njia ya pili ni ya nyumba nzima, nayo pia ni ya bure. Ingia katika mipangilio ya ruta, tafuta mahali palipoandikwa DNS, ubadilishe nambari. Nambari 94.140.14.14 ni ya daftari hilo la AdGuard. Nambari 1.1.1.3, iliyotolewa na kampuni ya Cloudflare mwaka 2020, huzuia picha za uchi na kurasa zenye virusi, lakini haizuii matangazo. Nambari 9.9.9.9 ni ya Quad9, taasisi isiyo ya biashara yenye makao yake Uswisi, ambayo huzuia kurasa za ulaghai na virusi. Kila mmoja achague alitakalo.

Hapa pana tahadhari kubwa. Tangu mwaka 2013, kwa shinikizo la Waziri Mkuu wa wakati huo, David Cameron, makampuni makubwa ya intaneti ya nchi hii huwapa wateja wao kichujio cha kuwakinga watoto, na familia zetu nyingi wamekiwasha. Baadhi ya vichujio hivyo hufanya kazi kwa njia hii hii ya daftari la majina. Ukibadilisha nambari katika ruta, huenda umekiondoa kichujio hicho bila kujua, ukawa umewafukuza wauza viatu na kuwafungulia mlango waovu zaidi. Kwa hivyo mwenye watoto asichague daftari lisilokuwa na kinga ya watoto.

Njia ya tatu ni kuwa na bawabu wako mwenyewe, ndani ya nyumba. Programu ya bure iitwayo Pi-hole, iliyoanzishwa na Bw. Jacob Salmela wa Marekani, huwekwa katika kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Kompyuta hiyo, iliyotoka kwa mara ya kwanza Februari 2012, ni kazi ya watu wa Cambridge, si mbali na hapa. Haizidi ukubwa wa pakiti ya karata, na umeme inaotumia ni mdogo mno. Ile ndogo zaidi iitwayo Zero 2 W ilitangazwa Oktoba 2021 kwa bei ya dola 15. Utahitaji pia kadi ya kumbukumbu na waya wa umeme. Hata kompyuta kuukuu iliyolala kabatini yaweza kufaa. Ukishaiweka programu, unaipa kompyuta hiyo nambari isiyobadilika, kisha unaiagiza ruta ipeleke maswali yote kwake. Ziko ruta zilizofungwa na makampuni zisikubali kubadilishwa. Hapo ama ubadilishe kila kifaa peke yake, ama kompyuta hiyo ndogo uikabidhi pia kazi ya kuvigawia nambari vifaa vya nyumbani, na ruta uizuie isiifanye.

Kijana yeyote anayesomea kompyuta aweza kuimaliza kazi hii katika jioni moja. Mimi, nisiyesomea kompyuta, ilinichukua siku mbili, na katika siku hizo nyumba nzima ilikaa bila ya intaneti kwa saa tatu. Mama watoto hajasahau.

ASIYOYAWEZA BAWABU

Si haki kumsifu bawabu kwa asiloliweza. Kwanza, hawezi kuyazuia matangazo ya YouTube, kwani matangazo hayo hutoka katika majina yale yale yanayoleta video zenyewe. Ukimzuia mmoja umewazuia wote wawili. Jirani yangu alinunua vifaa vyote kwa sababu ya YouTube tu, na alinilaumu. Pili, simu ikitoka nje ya nyumba na kutumia intaneti ya kampuni ya simu, bawabu wa njia ya pili na ya tatu hayuko naye. Tatu, baadhi ya vifaa na programu zina daftari zake zenyewe na hazimwulizi bawabu. Hasa tangu mwaka 2018, ulipokubaliwa utaratibu wa kuyaficha maswali haya ndani ya mawasiliano ya kawaida ya kurasa. Utaratibu huo ni kinga kwa mwenye kupelelezwa, lakini pia waweza kuwa mlango wa nyuma kwa mpelelezi.

Nne, bawabu huwafukuza wema pia. Utatafuta bei ya friji, ubonyeze jibu la kwanza, lisifunguke, kwa kuwa ni tangazo la kulipiwa. Pengine fomu ya halmashauri au ya benki itakwama. Pi-hole ina kitufe cha kumpumzisha bawabu kwa dakika 5. Kila mkubwa nyumbani na akijue, na neno la siri liandikwe mahali panapojulikana, ili siku ukiwa safarini wasikae gizani.

Tano, tusisahau kwamba magazeti mengi, yakiwemo ya kwetu Afrika Mashariki tunayoyasoma bila kulipa, huishi kwa matangazo. Gazeti unalolipenda na unaloliamini, ama ulinunue, ama uwaruhusu wageni wake.

TULIPOGEUKA WAPELELEZI

Sasa nije kwenye kosa langu. Pi-hole huandika daftari la kila swali: kifaa gani kimeuliza jina gani, saa ngapi. Siku za mwanzo nililitazama kwa furaha. Niliona televisheni ikiuliza majina usiku wa manane hali imezimwa na sote tumelala, nikasema, naam, tumewakamata. Lakini jicho likishazoea kuchungulia haliishii kwenye televisheni. Baada ya wiki chache nilijua nani amekesha na nani ametazama mpira saa ya kudurusu masomo. Nikawa kila asubuhi nasoma daftari kabla ya kunywa chai.

Asubuhi moja niliona kwamba simu ya binti yangu mkubwa, saa 7 usiku, imeuliza jina la shirika linalowasaidia vijana wenye dhiki ya moyo. Niliingiwa na hofu kubwa. Badala ya kungoja, nilimwuliza pale pale mezani, mbele ya ndugu zake. Uso ulimbadilika. Alinijibu maneno machache: kwamba aliyekuwa na dhiki ni rafiki yake wa shule, na kwamba yeye alikuwa akimtafutia mtu wa kuzungumza naye. Kisha akanyamaza. Tangu siku hiyo akaizima Wi-Fi katika simu yake, akawa anatumia intaneti anayoilipia kutoka katika fedha zake za matumizi. Kwa hivyo nilikuwa nimepata hasara mbili: bawabu hakumlinda tena, na mimi hakuniambia tena.

Mama yake alinikabili usiku ule. Alisema, “Ulileta bawabu awazuie watu wasituchungulie. Sasa yeye yuko mlangoni na wewe umekaa dirishani.” Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimewalaumu wafanyabiashara kwa kuandika yasiyowahusu, na mimi nikafanya kama wao, tena kwa watu wanaokula nami sahani moja. Dini yetu imekataza kupelelezana, wala sijaona mahali palipomvua mzazi katazo hilo kwa sababu tu amepata chombo kipya.

Nilimwomba binti yangu radhi, mbele ya wale wale waliokuwapo mezani. Kisha tulikaa sote tukakubaliana mambo matatu. Kwanza, Pi-hole ina daraja za faragha. Tuliiweka katika daraja ya juu kabisa, ambapo bawabu huhesabu tu idadi ya aliowazuia, bila kuandika ni kifaa gani kilichouliza wala kimeuliza nini. Pili, kila mtu nyumbani ajue ni wageni wa namna gani wanaozuiwa, na kwa nini; hakuna kumzuilia mtu kwa siri. Tatu, kifaa cha mtoto mdogo kitumike sebuleni, mbele ya macho ya watu, maana huko kumtazama mtoto waziwazi ni malezi. Wakubwa watashauriwa kwa maneno.

Binti yangu hakurudi siku ile. Ilipita kama miezi miwili ndipo siku moja alipoomba tena neno la siri la Wi-Fi. Nilimwandikia katika kipande cha karatasi, wala sikumwuliza kitu.

Mdogo wake angali anapanga herufi zake. Pale palipokuwa na magurudumu na sarafu sasa pana mraba mweupe mtupu, nao hupita upesi. Wiki iliyopita aliniuliza yule wa sarafu amekwenda wapi. Nilimwambia kwamba alikuwa akiingia bila hodi.

Ndugu wasomaji, wako miongoni mwetu wazee wanaoishi peke yao, ambao simu zao hujaa ulaghai wa zawadi na mikopo, nao hawana wa kuwawekea hata ile njia ya kwanza, inayochukua dakika mbili. Vijana wenye ujuzi, mkienda kuwajulia hali, waombeni ruhusa muwawekee. Nanyi muwaeleze mnachokifanya kabla hamjakifanya.